Zilipendwa na Nani? Redio, Umri wa Wasikilizaji na Kumbukumbu ya Taifa

Katika semina moja ya historia ya utamaduni niliwaomba wanafunzi wa mwaka wa pili waandike, kila mmoja kwenye karatasi yake, jina la wimbo mmoja wanaouhesabu kuwa "zilipendwa". Nilitarajia kusoma majina ya nyimbo za NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz au DDC Mlimani Park. Nilipokusanya karatasi nilikuta zaidi ya nusu zina nyimbo za Bongo Fleva za mwanzoni mwa miaka ya 2000: Professor Jay, Lady Jaydee, Juma Nature. Nusura nianze kuwasahihisha. Kisha nikafanya hesabu ndogo ubaoni. Mwaka 1992, nilipokuwa mwanafunzi kama wao, wimbo uliorekodiwa mwaka 1967 ulikuwa na umri wa miaka 25, nasi tuliuita zilipendwa bila kusita. Kwa vijana hawa, wimbo wa mwaka 2001 unakaribia umri uleule. Hawakuwa wamekosea. Neno lilikuwa limehama, nami nilikuwa nimebaki nyuma.

Ndugu msomaji, neno lenyewe linastahili kutazamwa kwa makini. "Zilipendwa" ni kitenzi kilichogeuzwa jina. Kiambishi "zi" kinarejelea nyimbo. "Li" kinaonesha wakati uliopita na kufungwa. Na "wa" wa mwisho ni wa kutendwa. Nyimbo hizi zilipendwa. Kilichokosekana ni mtenda: zilipendwa na nani? Lugha inaturuhusu kumwacha, nasi tumemwacha kwa miaka mingi, tukidhani kwamba aliyependa ni sisi sote. Katika makala haya nitajaribu kumrudisha mtenda huyo mahali pake. Hoja yangu ni kwamba orodha ya nyimbo za zamani redioni huakisi zaidi umri wa msikilizaji ambaye kituo kinamtafuta kuliko thamani ya nyimbo zenyewe. Msikilizaji huyo anapobadilika, historia nayo hubadilishwa kimyakimya, bila mjadala wowote wa hadhara.

Tuanze na jinsi hazina hiyo ilivyopatikana. Matangazo ya redio Tanganyika yalianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na kuligeuza kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tuliizoea kwa herufi tatu tu, RTD. Tangu hapo hadi miaka ya mwanzo ya 1990 Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya ndani ya kushindana nayo. Zaidi ya hayo, nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi iliyotaka santuri ilifunga safari hadi Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya kufungwa mwaka 1977, hata njia hiyo ikawa ngumu. Kwa hiyo, studio ya RTD ikawa ndiyo ghala la muziki wa taifa. Bendi iliingia, ikapiga nyimbo zake mbele ya vinasa sauti, kanda ikabaki maktaba, na wimbo ukaishi kadiri mtangazaji alivyoamua kuitoa kanda hiyo rafuni.

Lakini haikuwa kila wimbo uliofika kwenye rafu hiyo. Mashairi yalipitiwa kwanza na kamati, na wimbo ulioonekana kukwenda kinyume cha maadili au sera haukurekodiwa au haukurushwa hewani. Zilikuwa zama ambazo muziki ulihesabiwa kuwa jambo la dola. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962, alikuwa ametangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Na Novemba 1969 viongozi wa Mkoa wa Pwani wakapiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam. Bendi nazo zilimilikiwa na taasisi za umma. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama hicho kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikabaki na jina lake la mtaani, Msondo Ngoma. Tunaposema leo kwamba nyimbo hizo zilipendwa, tukumbuke kwamba kabla ya kupendwa zilikuwa zimeruhusiwa. Hicho ndicho kichujio cha kwanza.

Hata hivyo, redio moja ilikuwa na fadhila ambayo hatukuiona hadi ilipotoweka. Nyumba ilikuwa na redio moja ya betri, redio ilikuwa na kituo kimoja, na babu, mama na mjukuu walisikiliza kipindi kilekile cha salamu kwa sababu hapakuwa na kingine. Ndiyo maana mtu aliyezaliwa mwaka 1970 anaweza kuimba wimbo wa Cuban Marimba ya Morogoro, ingawa kiongozi wa bendi hiyo, Salum Abdallah, alifariki mwaka 1965. Hakuuchagua wimbo huo. Aliurithi sebuleni, kama alivyorithi hadithi na methali. Umri wa msikilizaji haukuwa na maana kwa mtangazaji wa RTD, kwa kuwa hakuwa akimuuza msikilizaji huyo kwa mtu mwingine.

Hali hiyo ilibadilika kwa sheria. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua masafa kwa watu binafsi. Mwaka 1994 Radio One ikaanza kusikika, na nyingine zikafuata. Vijana waliokuwa wakirapu kwa Kiswahili shuleni na mitaani sasa wakapata pa kusikika. Mwaka 1995 Mr. II, yaani Joseph Mbilinyi ambaye wengi wanamwita Sugu, akatoa albamu ya "Ni Mimi". Mwaka 2001 Professor Jay akatoa "Machozi Jasho na Damu". Kizazi kizima kilihamia vituo vipya, na muziki wa dansi ukabaki na wasikilizaji waliokuwa wakizeeka pamoja nao.

Hapo ndipo zilipendwa ilipopata maana tunayoijua leo. Kabla ya ushindani huo, wimbo wa miaka ya 1960 ungeweza kupigwa asubuhi, mchana au jioni, kando ya wimbo wa wiki iliyopita. Baada yake, ulitengewa saa yake: mara nyingi Jumapili, au usiku, chini ya mtangazaji mwenye sauti nzito na masimulizi marefu. Wimbo haugeuki kuwa zilipendwa siku unapozeeka. Hugeuka siku unapoondolewa kwenye vipindi vya kawaida na kupewa chumba chake pembeni. Chumba hicho ni heshima, lakini pia ni aina ya kustaafishwa.

Nimetumia neno kustaafishwa kwa makusudi, kwa sababu hesabu ya kustaafu inaeleza mengi. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba watu huelekea kupendelea zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 24 hivi. Yaani moyo wa msikilizaji hupiga kambi katika ujana wake na hauondoki kwa urahisi. Chukua sasa kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964, NUTA Jazz ilipoundwa: alitimiza miaka 60 mwaka 2004. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978, Mlimani Park ilipoanzishwa, alifikisha miaka 60 mwaka 2018. Kwa mtumishi wa umma huo ndio umri wa kustaafu kwa lazima. Mshahara unakoma, ununuzi unapungua, na kwa mwenye duka la samani, benki au kampuni ya simu, mtu huyo hatajwi tena katika mpango wa matangazo. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2001, kwa upande mwingine, sasa yumo katika miaka ya 40: ana mshahara, ana watoto wa kusomesha, anajenga. Huyo ndiye anayetafutwa, na ujana wake ndio unaopigwa redioni Jumapili mchana.

Orodha ya zilipendwa, basi, ni kama benchi la wagonjwa kwenye zahanati. Urefu wake hauongezeki. Akija mtu mpya akakaa mwisho, wote husogea, na aliye mwanzo husimama. Hakuna anayemfukuza kwa ubaya. Nafasi tu imekwisha. Kipindi cha saa mbili kina nafasi ya nyimbo zisizozidi 30, nyimbo nyingi za dansi zikiwa ndefu hata zaidi ya hapo. Kila wimbo wa mwaka 2001 unaoingia, unatoa wa mwaka 1971.

Jambo hili halikuanzia kwetu, na mfano ulio wazi kuliko yote unatoka katika nchi ambayo biashara ya redio ni kongwe zaidi. Jijini New York kituo cha WCBS-FM kiligeukia nyimbo za zamani Julai 1972. Wakati huo "zamani" ilimaanisha rock and roll ya miaka ya 1950, muziki wa watu waliokuwa wakiingia miaka ya 30. Kwa zaidi ya miongo mitatu kituo hicho kilikuwa maskani ya wapenzi wa muziki huo. Lakini wenye biashara wa Marekani hulipia zaidi wasikilizaji wa miaka 25 hadi 54, na wale vijana wa miaka ya 1950 walikuwa wamekwisha kuuvuka mstari huo. Tarehe 3 Juni 2005 kituo kilibadilisha muziki wake ghafla, bila kuwaaga wasikilizaji. Malalamiko yalikuwa makubwa. Julai 2007 kikarejea na jina lake la awali, na wengi wakashangilia. Waliosikiliza kwa makini waligundua kwamba kilichorudi hakikuwa kilekile: nyimbo za miaka ya 1950 zilikuwa zimepungua mno, uzito ukiwa kwenye miaka ya katikati ya 1960 hadi 1980, na baadaye hata za miaka ya 1990 zikaingia. Jina lilirejeshwa kwa wazee, muziki ukapewa watoto wao.

Kwetu benchi husogea kwa kasi zaidi, na sababu yake imo katika sensa. Mwaka 1967 Watanzania walikuwa milioni 12.3, mwaka 2022 walihesabiwa milioni 61.7. Katika taifa lenye vijana wengi kiasi hicho, walioshuhudia miaka ya kwanza ya uhuru wakiwa watu wazima ni wachache sana. Wakiachiwa soko liwasemee, hawatasikika. Wanamuziki wenyewe wanaondoka: Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, Marijani Rajab mwaka 1995, Remmy Ongala mwaka 2010, na Muhiddin Maalim Gurumo, aliyeimba na NUTA Jazz na kuendelea jukwaani kwa takriban nusu karne, Aprili 2014.

Msomaji anaweza kuuliza: kuna ubaya gani? Kila kizazi si kina haki ya kukumbuka ujana wake? Naikubali hoja hiyo, na tena naiongezea nguvu. Wapenzi wa dansi hawana usafi wa kudai. Siti binti Saad alirekodi santuri mjini Bombay mwaka 1928, na sauti yake ikafika pwani yote ya Afrika Mashariki. Lakini kizazi cha dansi hakikumpa nafasi kubwa katika vipindi vyake vya kumbukumbu. Taarabu ya Tanga, ya Black Star na Lucky Star, ambako sauti ya Bi Shakila ilijulikana, iliwekwa kwenye kipindi chake chenyewe, ikahesabiwa kuwa mambo ya akina mama. Zilipendwa tuliyoirithi ilikuwa ya bendi za wanaume wa mijini, nasi tuliiita ya taifa. Aidha, Bongo Fleva nayo ni historia ya siasa: Sugu alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na Professor Jay mbunge wa Mikumi mwaka 2015. Atakayeandika historia ya uhuru wa kusema katika nchi hii bila nyimbo za mwanzoni mwa miaka ya 2000 atakuwa ameacha sura nzima.

Kwa hiyo silalamikii Bongo Fleva kuingia kwenye benchi. Ninacholalamikia ni namna wanaobaki wanavyochaguliwa. Sikiliza vipindi hivi kwa mwezi mmoja ukiwa na daftari, kama nilivyofanya, utaona kwamba katika muziki wa miaka ya 1960 na 1970 kilichosalia ni mapenzi: barua, usaliti, mahari, safari ya mpenzi. Nyimbo za Azimio la Arusha, za vijiji vya ujamaa, za ukombozi wa Msumbiji na za vita vya Kagera zimeondoka mapema zaidi kuliko umri wake unavyodai. Bendi zilizipiga kwa wingi, na watu walizicheza. Zimeondoka kwa sababu zinahitaji maelezo, na maelezo hula muda wa matangazo. Mapenzi hayahitaji tanbihi.

Matokeo yake ni miaka ya 1970 isiyo na foleni ya sukari, isiyo na kuhamishwa vijijini, isiyo na vita: miaka ya gitaa tamu na watu waungwana. Mwanafunzi anayejifunza zama hizo kwa redio atadhani kwamba wazazi wa wazazi wake hawakuwa na jambo la kugombania isipokuwa wachumba. Mzee aliyebaki naye huipokea picha hiyo kwa furaha, kwa kuwa ni picha ya ujana wake uliosafishwa. Husemwa kwamba ya kale ni dhahabu. Kamati ya RTD iliondoa kwenye dhahabu hiyo kila kilichoukera utawala. Soko sasa linaondoa hata kile ambacho utawala huo ulikipigia debe. Katikati hapo, maisha ya kisiasa ya wananchi wa kawaida yamefutwa mara mbili.

Lipo pia suala la riziki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ililinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, haki za mtunzi aliyefariki mwaka 1979 zinadumu hadi mwisho wa mwaka 2029. Lakini mirabaha hutokana na kupigwa. Wimbo ukiondolewa kwenye orodha, haki inabaki kwenye karatasi, na mjane au mtoto wa mwanamuziki habaki na kitu. Na mara nyingi mtangazaji hutaja jina la bendi tu, au hataji kabisa. Mtunzi asiyetajwa hawezi hata kudaiwa haki yake na warithi.

Nini kifanyike? Siwezi kumtaka mwenye redio binafsi apige nyimbo ambazo hakuna anayezilipia. Hiyo ni biashara yake. Lakini chombo cha umma kina wajibu tofauti. TBC, iliyochukua nafasi ya RTD mwaka 2007, ndiyo mrithi wa maktaba ile iliyojengwa kwa kodi za wakulima wa pamba na katani. Kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na Dar es Salaam haina upungufu wa vyote viwili. Kuzihamishia kwenye mfumo wa kidijitali ni hatua ya lazima, ila haitoshi: kanda iliyonakiliwa na kufungiwa kwenye kompyuta bado haijasikika. Watumishi wa umma wenye dhamana hii wanaweza kuanza na mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kila wimbo unaporushwa, yatajwe majina ya mtunzi na bendi na mwaka wa kurekodiwa. Itengwe sehemu maalumu ya vipindi kwa nyimbo zisizopigwa, zikiwemo za siasa, pamoja na mtu wa kuzieleza. Na orodha ya kilichomo maktaba iwe wazi, ili mtafiti na mwananchi wajue cha kuomba.

Wanaharakati nao wasidharau jambo hili wakidhani ni la burudani. Wanaodai ardhi leo wangefaidika kusikia vijiji vilisifiwa vipi hewani, na kujiuliza ni malalamiko gani hayakuruhusiwa kuimbwa. Ukimya wa kanda nao ni ushahidi.

Wanafunzi wangu niliwapa kazi ya pili. Kila mmoja amtafute mtu aliyevuka miaka 60, amwombe wimbo mmoja wa ujana wake, kisha aandike aliusikia wapi, na nani, mwaka gani. Karatasi zilizorudi zilikuwa na majina ya bendi ambazo sijawahi kuzisikia redioni, nyingine za wilayani, za viwandani na za majeshi. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba bibi yake aliuimba wimbo wote, beti baada ya beti, lakini jina la bendi lilimtoka. Alichokumbuka ni kwamba betri zilikuwa adimu, kwa hiyo walizianika juani mchana ili redio ifike hadi mwisho wa kipindi cha usiku, na kwamba wimbo wenyewe ulihusu kuhamia kijiji kipya. Tumeanza kuutafuta. Kama yupo msomaji anayejua kanda hiyo ilipo, aniandikie.